Siku Nilipoachishwa Ukalimani

Sironga,
Jumamosi, saa kumi na moja jioni

Kerubo mwanangu,

Habari za koti zito, dawa ya kikohozi na pahali pa kuweka pasipoti nimemwachia mama yako. Amezisema mara tatu tangu asubuhi, nawe umemwitikia mara tatu bila kununa, kwa hiyo upande huo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo kwa muda mrefu kuliko umri wako. Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Jana tulipokuwa tukifunga sanduku nilijikaza, nikafungua kinywa, nikaishia kukuuliza kama umebeba soksi.

"Baba," ukasema, "hiyo ni mara ya nne."

Hazikuwa soksi, mama.

Unajua jinsi tulivyo huku kwetu. Baba na binti wana mpaka wao. Sikai kitandani mwako, hunitanii, na mambo ya ndani ya moyo tunayapitisha kwa mama yako kama barua inayopitia kwa chifu. Nyanya yako ndiye aliyeruhusiwa kukutania, nami nikahakikisha kwamba hawezi. Hilo ndilo jambo lenyewe. Leo mchana, nyumbani kwake, sehemu kubwa ya mzigo huu ilishushwa na mtu mwingine, na tangu hapo natembea uani kama mtu aliyevua viatu vilivyombana. Lakini wewe ulisikia upande wa nyanya. Wangu hujausikia, na kesho asubuhi unaondoka.

Juzi kwenye kituo cha chai, wakati tukingoja lori la kiwanda, jirani yetu aliniuliza, "Mwalimu, nasikia msichana anaenda Ujerumani. Unesi?"

"Hapana. Anasomea lugha. Historia yake."

"Kijerumani?"

"Kijerumani na dada zake. Kiingereza, Kiholanzi, Kiswidi. Zinaitwa lugha za Kigermanik. Zamani zilikuwa lugha moja, watu wakatawanyika. Anasomea jinsi zilivyobadilika njiani."

Akapekua majani yake kwenye kikapu, akafikiri. "Kwa hiyo serikali ya huko inamlipia mtoto wako nauli aende akawaambie wametoka wapi?"

"Ndivyo."

"Na sisi nani atatuambia?"

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini swali hilo lilinifuata mpaka nyumbani.

Acha nianze na kile ulichonifundisha, kwa maana mwalimu mstaafu hapendi kukiri kitu kabla ya kuzunguka kidogo. Nimefundisha Kiingereza karibu maisha yangu yote ya kazi. Kila mwaka nilisimama mbele ya darasa nikaandika ubaoni *foot, feet*, na kila mwaka kulikuwa na mtoto mmoja wa kuinua mkono. Mwalimu, kwa nini si *foots*? Nami nilijibu jibu lile lile: "Usiulize kwa nini. Kariri." Mwaka wako wa pili chuoni ulikuja likizo, ukachukua chaki, ukaniandikia kwenye mlango wa jikoni. Zamani sana, ulisema, neno la wingi lilikuwa na sauti ya *i* mwishoni. Sauti hiyo iliivuta ile ya katikati ikae karibu nayo. Kisha ile *i* ikadondoka, ikapotea kabisa. Kilichovuta kimeondoka, alama yake imebaki.

Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi hadi kikapoa. Miaka yote ile nilikuwa nawaambia watoto kwamba hakuna sababu, kumbe sababu ilikuwepo, ila ilikuwa imehama.

Ukaendelea kuandika, maana ulishaona umenipata. Kiingereza *ten*, Kijerumani *zehn*. *Tongue*, *Zunge*. *Water*, *Wasser*. Ukasema mabadiliko hayo yalipita kwa utaratibu, kwamba mtu akijua njia moja anaweza kuikisia nyingine. Mama yako alitaka mlango wake ufutwe. Nilimwomba auache mpaka Jumapili.

Nilifurahi, lakini niliogopa pia. Nilikuwa nimemlea mtoto asiwe na alama yoyote ya alikotoka, na sasa mtoto huyo alikuwa amejifunza kazi ya kusoma alama.

Sasa nikuambie upande wangu wa kisa cha lori alichokusimulia nyanya leo.

Unajua kwamba sikuzaliwa hapa. Baba yangu alinunua shamba kule Bonde la Ufa kabla sijazaliwa, nikakulia huko. Majirani zetu walikuwa watu wa kabila jingine, na nilichunga ndama pamoja na watoto wao, kwa hiyo lugha yao niliijua kama yangu. Katika mchezo hakuna aliyeweza kututofautisha. Nilipokuwa mwalimu kijana, sijaoa, baba yangu ameshafariki, fujo zikaanza. Asubuhi moja rafiki yangu wa kuchunga ndama alikuja mbio hadi mlangoni. "Kuna lori la mahindi linateremka. Mpande sasa. Jioni sitakuwa na uwezo wa kuwasaidia." Huyo alikuwa mmoja wao, nawe usimsahau unapofikiria mengine.

Tulipanda, mimi na nyanya yako, yeye na goti lake bovu lile lile, na kuku wake mmoja kwenye kikapu. Nyaboke, mwanamke ambaye shamba lake lilipakana na letu, alipanda pia akakaa karibu na magunia. Njiani nilimwinamia mama yangu sikioni. "Mama, ukifungua mdomo tumekwisha. Wewe ni bubu. Umesikia? Bubu."

Saa sita mchana tulikuta magogo barabarani na vijana wamesimama. Walitaka kila mtu asalimie kwa lugha yao. Nilisalimia vizuri, tena kwa maneno ya utani wanayotumia wenye rika langu, na kijana akatabasamu.

"Na huyu?"

"Mama yangu. Ni bubu tangu kuzaliwa."

Akampigia makofi karibu na uso. Akamwita majina. Akachukua kuku kikapuni, akamwinua kwa miguu mbele yake, akasema, "Bubu, nichukue?" Nyanya yako, mwanamke ambaye angemfuata mwizi wa kuku hadi mto wa tatu, alitazama tu.

Zamu ya Nyaboke ikafika. Hakujua kusalimia. Akamgeukia mama yangu, akasema kwa Ekegusii chetu, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi: "Waambie mimi ni dada yako."

Nilikuwa nimemshika mama kifundo cha mkono. Nilikibana. Alitazama magunia.

Nyaboke aliambiwa ashuke. Alishuka bila kulia, akasimama kando ya barabara akifunga leso yake upya kiunoni, na lori likaondoka. Picha hiyo nimelala nayo na kuamka nayo: mwanamke anafunga leso vizuri, kana kwamba anajitayarisha kwenda sokoni.

Tulifika Nyaramba saa tisa. Mama alishuka, akanawa uso kwenye mfereji wa mtu, kisha akasema neno lake la kwanza tangu asubuhi. Aliniambia, "Usinifanye bubu tena." Halafu akanyamaza kuhusu lori lile, nami nikanyamaza. Miaka thelathini na zaidi, mwanangu, chini ya paa zinazotazamana.

Hapa Sironga ndugu za baba yangu walitukatia kipande kule chini karibu na mto, penye maji ya kusimama. Watoto wao waliniita *omomenyi*, yaani mtu aliyekuja kukaa tu, asiye na asili ya mahali. Mimi, damu yao! Walisema Ekegusii changu kina harufu ya kule. Kule nilikuwa nimenusurika kwa sababu lugha yangu haikuwa na harufu. Niliyaweka mambo hayo mawili pamoja nikajitengenezea sheria, na ulipozaliwa nikaitumia kwako. Nilikushika mikononi, ukiwa na siku moja, nikaamua kwamba hakuna mtu barabarani atakayesikia sauti yako akajua akushushe wapi. Ungesema Kiswahili, cha redioni, kisicho na rangi. Ekegusii usingesikia kutoka kwangu hata neno moja.

Watu waliponiuliza, nilikuwa na jibu tayari: "Mama yake ni mtu wa ziwani. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha." Uongo huo ulidumu kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Lakini mama yako mwenyewe alikuwa akiuharibu kila siku ya soko. Miaka miwili tu baada ya kuolewa alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Nyamira kwa Ekegusii, anapatana bei, anatukana kidogo inapobidi, mpaka wateja wanamuuliza kwao ni upande gani. Nami nilijifanya sioni.

Shuleni nilikuwa mkali zaidi. Kile kibao cha mbao walichovishwa shingoni watoto waliopatikana wakisema lugha ya nyumbani nilikichonga mimi, kutoka kipande cha mkaratusi, nikakisugua na msasa kisiwaumize. Nilijiona muungwana kwa ule msasa. Wewe hukukivaa hata siku moja, nami nilijivuna mbele ya walimu wenzangu.

Sasa lile la ukalimani.

Kila Jumamosi baada ya kanisa tulikwenda kwa nyanya yako, unakumbuka, wewe kwenye kile kiti kifupi, yeye kwenye ngozi yake, nami katikati. Yeye Kiswahili hakijui zaidi ya kununua sukari. Kwa hiyo kila neno lilipitia kwangu, na mimi, Kerubo, nililibadilisha. Ulikuwa na miaka minane aliposema, "Muulize kwa nini ananiogopa." Nikakugeukia: "Nyanya anasema umerefuka." Ukasema, "Mwambie asante." Nikamgeukia yeye: "Anasema hakuogopi." Neno "asante" alikuwa analijua kutoka dukani. Nadhani alijua tangu siku hiyo.

Nilikuwa na sababu kila mara. Akiwa mkali, nililainisha. Akitania, niliacha, kwa kuwa utani ukielezwa unakufa. Akitaja kule tulikotoka, nilikata kabisa. Kwa miaka mingi ulidhani una nyanya mpole, mwenye maneno machache, anayependa kusifia urefu wa watu. Nyanya yako! Mwanamke aliyewahi kumwambia mzee wa kanisa kwamba sala yake ndefu imeunguza maharagwe.

Sikujua kwamba ulipopewa na chuo kazi ya kurekodi maneno ya mzee, ulipomaliza kurekodi hukurudisha tu simu mfukoni ukaondoka. Nilikuona unakaa naye barazani mkichambua *chinsaga*, mboga zile chungu anazozipenda, mama yako kando yenu, nikadhani mnarekodi nyimbo. Mwaka mzima nilidhani ni nyimbo.

Mpaka ile siku ya Desemba, mezani. Nyanya alichukua tonge, akaninyooshea kidole, akasema kwa sauti ya kanisani, "Mwambie mtoto kwamba ulikojoa kitandani mpaka darasa la tatu."

Kwetu jambo kama hilo halisemwi baba na binti wakiwa pamoja. Sikioni mwangu lilikuwa kama sahani imevunjika. Lakini nilikuwa hodari wa kazi yangu. Nilikugeukia bila kupepesa. "Nyanya anasema chakula ni kitamu."

Ukaweka kijiko chini. Ukamtazama yeye, si mimi, ukasema kwa Ekegusii, "Darasa la tatu tu?"

Sijawahi kumwona mama yangu akicheka vile. Ilibidi mama yako amshike bega asianguke, kisha mama yako mwenyewe akatoka nje, tukamsikia anacheka huko jikoni peke yake. Mlikuwa mmepanga, ninyi watatu. Na kitu kingine nilikigundua nikiwa nimekaa pale masikio yanawaka: ulisema Ekegusii kwa lafudhi ya ziwani. Ulijifunza kwa mama yako, kwa hiyo kilipanda na kushuka kama chake. Nyanya alikuwa ameshaizoea. "Huyu anaongea vizuri," alisema, akijipangusa machozi, "ila kila neno linanuka samaki."

Hukunilaumu siku ile. Ulingoja. Kesho yake asubuhi tulikuwa tunachuma chai, wewe mstari wako, mimi wangu, ndipo ukasema, "Baba, kuna kisa kimoja kwenye kitabu changu." Nikajua lawama yangu imefika.

Ulinieleza habari za Wagothi, watu wa zamani wa ukoo ule wa lugha za Kigermanik. Kwamba wao ndio walioandika kabla ya ndugu zao wengine wote, Biblia nzima karibu, nyingine kwa wino wa fedha kwenye ngozi zilizotiwa zambarau. Kwamba walihama, wakahama tena, wakatawala nchi za watu, na watoto wao wakachukua lugha za majirani hadi yao ikaisha. Ila kundi dogo lilibaki kwenye rasi moja ya Bahari Nyeusi, huko Krimea, miaka elfu moja baada ya wenzao. Balozi mmoja akasikia habari zao, akatafuta mtu wa kumwuliza. Aliletewa wawili. Wa kwanza alikuwa Mgothi wa damu, mrefu, mwenye sura ya kwao, lakini kwa kukaa na Wagiriki alikuwa ameisahau lugha ya baba zake. Wa pili alikuwa Mgiriki, aliyekaa na kuchanganyika nao hadi akaijua yao. Balozi akaandika maneno ya huyo wa pili. Orodha fupi. Na karibu hayo tu ndiyo yaliyobaki ya lugha yao ya huko.

"Mwenye damu hakuwa nayo," ukasema. "Mgeni ndiye aliyekuwa nayo."

Ukachuma machipukizi mawili matatu, ukayatupa kikapuni nyuma ya bega.

"Mama anauza omena, Baba."

Basi. Hukuongeza neno. Nilichuma hadi mwisho wa mstari, nikarudi na mwingine, na majani niliyopeleka kituoni siku ile yalikataliwa nusu, maana nilikuwa nimechuma na vijiti.

Tangu Desemba nimekuwa nikitafuta namna ya kukujibu. Jibu lenyewe ni lile lori, na lori halikuelezeka bila Nyaboke, na Nyaboke sikumweza. Ningekuambia nini? Kwamba nilikuficha lugha kwa sababu ilimshusha mwanamke barabarani? Ungeniuliza: na ikawaje kwake? Sikujua. Kwa miaka yote hiyo sikuwa nimeuliza mtu. Nilipanga mambo yangu yote, shule, kibao, wewe, juu ya kifo cha mtu ambaye sikuwa na hakika kwamba amekufa.

Ndipo leo. Wageni wa kukuaga walipoondoka nyanya alituma uitwe. Nikafuata nyuma kwa mazoea, nikavuta kiti changu cha katikati.

"Wewe," akaniambia, "kaa pale mlangoni unyamaze. Leo sikuhitaji."

Nikakaa pale mlangoni. Uliniangalia kama kuniuliza ruhusa, nikaitikia kwa kichwa. Akaanza kukusimulia lori, kuanzia mahindi hadi kuku, nami nikasikiliza kama mshtakiwa anayesomewa. Aliyosema yote niliyajua mpaka alipofika Nyaboke anafunga leso. Pale nilipokuwa nikikomea kila siku, yeye hakukoma.

Alisema Nyaboke alitembea. Mama mmoja wa kabila lile lile la wale vijana alimficha kwenye zizi la ng'ombe siku mbili, akampa maziwa na leso nyingine, akamwonyesha njia ya msituni. Alifika Nyaramba na homa. Mama yangu alimkuta sokoni huko mwezi wa tatu baada ya lori, anauza ndizi. Akamwangukia miguuni palepale, watu wanapita na mizigo. Na tangu hapo kila mwaka, alipotuaga kwamba anakwenda makambi Nyamache kwa maombi ya juma zima, na mimi nikimpa nauli na kumbebea blanketi mpaka kituo cha magari, alikuwa anakwenda Nyaramba kukaa na Nyaboke! Mwanamke wa Sabato, mwenye beji ya kanisa! Nyaboke alifia kitandani mwake mwaka juzi, mzee, wajukuu wamemzunguka. Nyanya alimzika.

Ukamuuliza swali nililolitaka. "Kwa nini hukumwambia Baba?"

"Hakuniuliza," akasema. "Nilingoja aniulize. Mtu asiyeuliza anaogopa jibu, na mimi nikaona, huyu akiwa tayari atauliza. Sasa mimi nimezeeka nawe unaondoka. Mwambie baba yako hivi. Nyaboke alisema ningefungua mdomo tungeshushwa wawili, na kwa goti langu hili nisingefika hata kwenye lile zizi. Alisema kijana alifanya vizuri. Mimi nilimsamehe baba yako siku ileile pale sokoni. La bubu, hilo bado nilimkasirikia kidogo, kwa sababu alirudia. Lakini nalo limekwisha, maana wewe unaongea. Mwambie."

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilisikia kila neno, kwa lugha niliyonyonya nayo. Wewe ulijua kwamba nimesikia. Hata hivyo ulinigeukia, ukaweka mikono magotini kama nilivyokuwa nikiweka mimi, ukasema kwa Kiswahili chako kile safi, "Baba, Nyanya anasema..." Na ukanitafsiria yote. Goti, zizi, sokoni, hasira kidogo, limekwisha. Hukulainisha pahali, hukuacha neno, na ulipomaliza hukuongeza lako.



Kisha nyanya akachukua maji mdomoni akakunyunyizia kifuani, kama mama yake alivyomfanyia yeye, akasema *Nyasae agosesenie*, Mungu akubariki, na kwa mara ya kwanza katika maisha yako hakuna mtu aliyekuambia kwamba amesema umerefuka.

Ninayo machache tu ya kukupa, nawe yachukue kama mtu anavyochukua ndizi za njiani, ukitaka. Utakutana huko na watu waliosahau kwa makusudi lugha za baba zao, na katika vitabu vyako utakutana na wengi zaidi. Usiwaandikie haraka kwamba walikuwa wapumbavu au waoga. Tafuta kwanza lori lao. Na mimi ningeomba usikione Kiswahili chako kuwa jeraha. Nilikupa kwa hofu, ni kweli, lakini kila siku nilikuchagulia neno zuri kuliko nililokuwa nalo, na leo umelitumia vizuri. Na ukimkosea mtu, muulize mapema imekuwaje kwake. Mimi ningeweza kuwa nimelala vizuri tangu mwezi ule wa tatu.

Jua linashuka nyuma ya chai ya jirani, na mama yako ameanza kuuliza nimeandika nini kirefu hivi. Kibao kile cha mkaratusi nimekipata kwenye kabati ya vitabu. Nilitaka kukichoma, nyanya akanikataza, akasema mbao nzuri. Sasa kinafunika mtungi wake wa maji. Ukifika, andika. Kwangu andika kwa Kiswahili, kwa kuwa hicho ni chetu wawili, hakuna mwingine aliye nacho namna yetu. Barua ya nyanya yako iandike kwa Ekegusii, na samaki wake wote. Kusoma hajui, kwa hiyo itabidi nimsomee mimi, nikikaa kwenye kile kiti changu cha katikati. Andika upendavyo. Nitaisoma kama ilivyo, neno kwa neno, hata mkinirudisha darasa la tatu.

Baba yako